Sanduku la Vyumba Viwili

Hotuba ya ibada iliyotolewa redioni. Fungu: Kumbukumbu la Torati 10:1-5

Twawasalimu nyote mlio majumbani, nanyi mlio njiani kwenda kazini, nanyi akina mama ambao saa hizi mnakoroga uji huku redio iko dirishani. Fungu letu la leo limo katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa kumi, mstari wa kwanza hadi wa tano. Aliye na Biblia karibu na aifungue mahali hapo, aiache wazi. Tutalirudia fungu hilo baadaye kidogo. Kwanza tungependa kusema nanyi juu ya useremala.

Kila mwaka tarehe 14 Februari ikikaribia, vijana wa parishi yetu hapa milima ya Taita hutujia na swali moja: Je, ni dhambi kumpa mchumba zawadi siku hiyo? Sisi hatujaona dhambi ndani yake. Tunachokiona ni bei. Waridi zetu za Naivasha hupanda ndege kwenda Uholanzi kuuzwa mnadani, na zile zinazobaki mjini huuzwa siku hiyo kwa bei ambayo kijana wa kibarua hawezi kuitaja bila kumeza mate. Kijana mmoja alikopa. Miezi minne baadaye deni lilikuwa lingalipo, na yule msichana hakuwa tena mchumba wake. Basi mwaka huu tukawaambia: Tengenezeni kitu kwa mikono yenu. Nyuma ya kila karakana kuna vipande vya mbao vinavyongoja kuchomwa. Hapo kijana mmoja akainua mkono, akauliza kwa adabu, "Mchungaji, wewe ulimtengenezea mama nini?"

Tulicheka, nao wakacheka. Lakini swali lile tulikwenda nalo nyumbani kama mwiba katika wayo.

Mvua za masika zilipoanza, paa la nyumba ya mchungaji likavuja juu ya kabati la nguo. (Halmashauri imekwisha kulitengeneza, nasi tunashukuru.) Tulipanda juu ya kiti ili tuondoe vitu visilowe, na nyuma ya masanduku tukakuta mfuko wa karatasi, ule wa unga, umefungwa kwa uzi wa sufu. Tulidhani ni mbegu. Tulipoufungua tukakuta barua. Zilikuwa barua 31, zote kwa mwandiko wetu wenyewe.

Tuliziandika tulipokuwa katika chuo cha theolojia huko Limuru, naye mama alikuwa akifundisha watoto wadogo huku Taita. Simu za mkononi zilikuwa zimekwisha kuingia nchini, lakini hazikuwa za wanafunzi wa theolojia. Sisi tulikuwa na stempu. Tuliandika usiku, baridi ya Limuru ikituuma vidole, mara nyingine nyuma ya karatasi za mazoezi ya Kiyunani. Baada ya kufunga ndoa hatukuzifikiri tena barua zile. Tulidhani zimekwenda njia ya makaratasi yote. Kumbe mama alikuwa akizihamisha pamoja naye kutoka nyumba hata nyumba, nyumba tano kwa jumla, kwa muda wa miaka ishirini na zaidi, bila kutuambia neno. Panya walikuwa wamekula pembe za barua sita. Unyevu ulikuwa umezigandamanisha bahasha mbili hata hazikuachana. Tukaurudisha mfuko pale pale, mbali na tundu la paa, tukashuka kitini. Siku ile tukaazimia kumfanyia sanduku.

Sisi si seremala. Babu yetu alikuwa na randa na patasi, na tulipokuwa watoto tulimshikia mbao akikata. Hiyo ndiyo elimu yetu yote ya kazi hiyo. Tukaenda kwenye kiwanda cha kupasua mbao, tukapewa bure mzigo wa vipande vya saiprasi vilivyokatwa juma lile, vyeupe, vyenye harufu nzuri. Kwa jioni tatu tukakata, tukagonga misumari, tukapata kitu cha pembe nne, tukakificha nyuma ya mlango wa ofisi ya kanisa. Baada ya majuma mawili kifuniko kilikuwa kimejikunja kama jani la mgomba lililopitishwa motoni, na katika pembe mbili palikuwa na ufa wa kuingiza kidole. Panya wangepita bila kuinama.

Tukampelekea fundi mzee anayetengeneza benchi za kanisa letu. Alikigeuza mara moja tu, akauliza, "Mchungaji, mbao hizi zilikuwa mti lini?"

Tukamwambia pengine mwezi uliopita. Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akatufundisha jambo ambalo mafundi wanalijua na wanunuzi wengi wa mbao hawalijui. Mti uliokatwa karibuni umejaa maji. Maji yakitoka, ubao husinyaa. Kwa urefu wake hausinyai ila kidogo mno. Husinyaa kwa upana, na tena si sawasawa pande zote, ndiyo maana hujikunja. Ubao wa unene wa inchi moja, ukipangwa kivulini penye upepo, wahitaji kama mwaka mzima kukauka. Waweza kuujaribu kwa mizani ya dukani: upime kila juma, na uzito ukiacha kupungua, ndipo uanze kazi.

"Wewe umeupiga misumari nao ungali unatembea," akasema. "Tafuta ubao uliokwisha kumaliza safari zake."

Akatupeleka nyuma ya kanisa. Palikuwa na benchi la zamani limeegemea tangi la maji chini ya paa, mguu mmoja umevunjika. Kikalio chake kilikuwa saiprasi, na ubao wa kuegemea ulikuwa mvule. Fundi akaugonga kwa kidole, ukalia kama mlango unapobishwa. Alisema alilikalia benchi lile siku ya kipaimara chake, naye sasa ni mzee wa wajukuu. Ubao kama ule haujikunji tena.

Hapa pana jambo ambalo hatutaki kulipita haraka. Benchi lile, ingawa bovu, lilikuwa mali ya kanisa. Mchungaji anayeanza kwa kubeba ubao mmoja nyumbani kwa kuwa hakuna aliyeutaka, baadaye hubeba na vingine. Tulilileta neno hilo mbele ya wazee. Wakacheka, wakatuambia tulichukue bure kitu kile kisichofaa hata kuni. Tukakataa. Mhazini akakadiria shilingi 200, akatuandikia stakabadhi: "Benchi bovu, 1." Tunayo mpaka leo, na tunakiri ya kuwa tunaipenda kuliko stakabadhi nyingine zote tulizo nazo.

Ninyi msio na benchi bovu msikate tamaa. Ziko fremu za madirisha yaliyong'olewa, miguu ya vitanda, na paleti zinazofika Mombasa na mizigo kisha kutupwa nyuma ya maduka. Lakini mkitwaa paleti tazameni alama iliyopigwa ubavuni. Kwa kanuni ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2002, mbao za kufungia mizigo ivukayo mipaka hutiwa alama kuonyesha jinsi zilivyotibiwa ili zisibebe wadudu. Herufi HT zaonyesha ya kuwa zilipashwa joto. Hizo hazina neno. Herufi MB zaonyesha ya kuwa zilifukizwa gesi ya methili bromaidi, ambayo ni sumu. Hizo ziacheni, wala msizitie jikoni kama kuni. Na yenye madoa ya mafuta au dawa usiyoijua, iache pia, hata ikiwa na alama njema.

Tena kabla ya kupitisha randa, pitisheni sumaku ili kutafuta misumari iliyojificha. Sisi hatukufanya hivyo, na kisu cha randa ya fundi kikapata pengo. Tulilipa kunoa. Na mtu akipiga msasa mvule, afunge kitambaa puani, kwa maana vumbi lake huwasha kifua.

Wakati wa kufanya kazi fundi alituuliza kama kuna watu wengine waliowapa wake zao mbao badala ya kitenge. Tukamweleza habari za Wales, nchi iliyo magharibi ya Uingereza. Huko tangu zamani kijana aliyempenda msichana alimchongea kijiko kutoka katika kipande kimoja cha mti, na kwenye mpini wake akatia moyo, au gurudumu, au mnyororo wa pete zilizoshikana ambazo hazikuunganishwa kwa gundi bali zilitolewa zote ndani ya mti ule ule mmoja. Kimoja kilichowekwa katika jumba la makumbusho la St Fagans, karibu na Cardiff, kimeandikwa mwaka 1667. Fundi alinyamaza akiifikiri ile minyororo. Kisha akasema kijana mwenye uwezo wa kuchonga vile bila kuvunja pete moja, baba ya msichana hana haja ya kuuliza habari za subira yake.

Sasa vipimo, na mwenye kalamu na aandike. Bahasha ndefu ya kawaida ina urefu wa sentimita 22 na upana wa sentimita 11. Tulikuwa tumekusudia sanduku la chumba kimoja, ndani sentimita 24 kwa 13, na kina cha sentimita 10, maana barua 31 zikilazwa hufika karibu sentimita tisa. Tulikuwa tumekwisha kuuchora ubao kwa kalamu fundi alipotazama michoro yetu, akasema, "Hapa ni pa barua zako ulizomwandikia mama. Na zake alizokuandikia wewe je, Mchungaji? Utaziweka wapi?"

Tulishikwa na kimya. Kisha tukasema, "Kweli, tufanye vyumba viwili." Tukafuta ile michoro, tukachora upya.

Wapendwa, barua za mama hazikuwako. Tulizichoma. Tulipohama kutoka parishi yetu ya kwanza tulichimba shimo nyuma ya nyumba, tukachoma mitihani ya zamani, magazeti, na hati zilizoliwa na mchwa. Kifurushi cha barua zake kilikuwamo katika mzigo ule. Hatukukitupa kwa bahati mbaya. Tulikishika mkononi, tukautambua mwandiko, tukajisemea: Mwenyewe si yupo ndani ya nyumba? Barua za nini tena? Tukakitia motoni. Miaka michache baadaye aliulizia barua zake, tukamwambia ya kuwa labda zilipotea katika kuhama.

Mama hutucheka kwa desturi hii ya kusema "sisi" redioni. Huuliza hao "sisi" ni akina nani, maana yeye amemwona mtu mmoja tu akinywa chai. Basi msikilizaji aelewe: aliyesimama kando ya shimo lile alikuwa mmoja, na aliyesema uongo ni yeye huyo. Mama mwenyewe ndiye aliyetupa ruhusa ya kulisema neno hili. Alizisoma karatasi hizi kwanza, akafuta mistari miwili.

Kwa hiyo tuliendelea kukata mbao za chumba cha barua ambazo hazipo duniani. Kwa mkono wa kuume tulifanya zawadi, na kwa mkono wa kushoto tuliujengea ule uongo nyumba. Jioni moja, msasa ukiwa mkononi, tukalikumbuka fungu la leo. Basi tulitazame.

Ninyi mwaijua habari ya mbao mbili za mawe zenye Amri Kumi. Musa alishuka mlimani nazo, akaiona ndama ya dhahabu, hasira yake ikawaka, akazivunja. Katika mlango huu wa kumi Musa, akiwa mzee, awakumbusha Waisraeli yaliyofuata. Mungu alimwagiza achonge mbao nyingine mbili mfano wa zile za kwanza, na afanye sanduku la mti. Musa akalifanya kwa mti wa mshita, ambao ni jamaa ya hii migunga yetu ya nyika ya Tsavo. Katika kitabu cha Kutoka sifa ya sanduku lile yamwendea fundi Bezaleli, na walimu wetu huko Limuru walituandikisha kurasa nyingi juu ya tofauti hiyo. Leo hatutaiingilia. Tunataka mwone jambo dogo lililo katika mstari wa pili. Mungu anapomwahidi Musa ya kuwa ataandika tena maneno yale yale, hazitaji mbao za kwanza kana kwamba zilipotea. Amwambia waziwazi ya kuwa yeye ndiye aliyezivunja. Hamlaumu zaidi, wala hafichi. Na Musa, miaka mingi baadaye, asimama mbele ya watu wote na kulisema neno hilo kwa kinywa chake mwenyewe, ingawa wengi waliokuwa wakimsikiliza walikuwa hawajazaliwa siku ile, na angeweza kuliruka.

Tumehubiri juu ya mlango huu mara nyingi, na hatukuwahi kusimama hapo.

Kazi iliyobaki haikuwa kubwa. Kuta tulizipunguza hata unene wa milimita 12: vipande viwili vya sentimita 29.6 na viwili vya sentimita 24, na katikati ukuta mmoja wa kugawa vyumba, wa unene huo huo. Kila chumba kikabaki na nafasi ya sentimita 13. Chini tuliweka kipande cha plaiwudi kilichobaki mimbari ilipotengenezwa (nacho tulikilipia). Hatukutia misumari safari hii. Tulitumia gundi nyeupe ya mbao na vigingi vyembamba vya mvule, na kwa kuwa hatuna vyuma vya kubania, tulilizungushia sanduku mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa ukanda, tukaukaza, tukaacha usiku na mchana. Kifuniko kilitoka katika ule ubao wa kuegemea. Mvule hauliwi na mchwa kwa urahisi. Msasa ulianza namba 80, ukaja 120, ukamalizia 240, kila mara kwa kufuata mishipa ya mti. Mwisho tukapaka mafuta ya kitani, na yalipokauka tukasugua kwa nta ya nyuki. Tafadhalini, matambara yenye mafuta ya kitani msiyakunje na kuyatupa penye takataka. Yakirundikana hupata joto yenyewe na yaweza kuwaka moto bila kiberiti. Yatandazeni nje mpaka yakauke, au yatieni katika maji. Vitu tulivyonunua dukani ni gundi, msasa, mafuta na bawaba mbili.

Kwenye kifuniko palikuwa na alama hafifu iliyokwanguliwa na mtoto fulani wa zamani wakati wa mahubiri marefu, kitu kama samaki au kiatu. Fundi alitaka kuiondoa kwa randa. Tukamwomba aiache.

Tulimpa mama mwezi wa Agosti, siku ya kumbukumbu ya arusi yetu, watoto wakiwa wamekwenda kwa bibi yao. Alilipokea kwa mikono miwili, akalinusa, akalifungua na kulifunga mara tatu. Alifurahi, wapendwa. Tunataka mlijue hilo, maana furaha ile ilidumu kama dakika tano, nasi tuliitazama tukijua kinachokuja. Kisha akatia kidole katika chumba cha kulia.

"Na hiki cha pili ni cha nini, Baba?"

"Cha barua zako."

"Si ulisema zilipotea?"

Tukamjibu kwa neno ambalo redioni hatulitumii. "Nilizichoma, Mama. Nilijua ni zako, nikazichoma. Halafu nikakudanganya."

Akalifunga sanduku taratibu. Akaondoka kwenda kuepua sufuria, ingawa sufuria haikuwa imechemka.

Sanduku lilikaa mezani tupu kwa siku kumi na moja. Chai tulipewa, nguo zilipigwa pasi, maneno ya adabu yalisemwa. Jumapili mbili tulihubiri naye ameketi benchi la tatu akitutazama machoni, na hatukumbuki tulihubiri nini. Wako watu watakaosema mchungaji hafai kusimulia mambo ya namna hii. Huenda ni kweli. Lakini tumewakalisha watu wengi wa ndoa ofisini kwetu na kuwaambia waseme kweli na kusameheana, kana kwamba hayo mawili hufuatana kama treni na mabehewa yake. Siku zile kumi na moja tulijifunza ya kuwa katikati yake pana mahali pa kungoja, na anayengojwa hapaswi kuharakishwa.

Siku ya kumi na mbili tulirudi kutoka mazishini tukakuta mfuko wa unga umekunjwa vizuri mezani. Barua 31 zilikuwa zimelala katika chumba cha kushoto. Chumba cha kulia kilikuwa kitupu.

Jioni ile mama akasema, "Keti hapa. Niambie unachokumbuka katika zile zangu."

Hapa hatufanani na mlima Horebu. Mungu aliweza kuandika tena maneno yale yale. Mama hakuyakumbuka yote, wala hakutaka kuyaandika. Tulimwambia tuliyoyakumbuka. Habari ya mbuzi aliyekula daftari ya mahudhurio ya watoto. "Alikuwa ndama," akasema. Habari ya ugonjwa wa mama yake. Habari ya viatu alivyoazima kwenda arusini, vikambana. Alicheka kidogo. Kisha tukamwambia ya kuwa katika barua mbili aliandika kwamba anaogopa kuwa mke wa mchungaji. Anaogopa nyumba isiyo yake, na watu wanaoingia bila kubisha hodi, na mume atakayekuwa wa kila mtu.

Akanyamaza. "Niliandika hilo?"

"Uliandika, mara mbili."

"Nawe ulinijibu nini?"

Hatukukumbuka. Lakini jibu lilikuwamo mezani, ndani ya chumba cha kushoto. Tukazitoa barua, tukatafuta tarehe kwa mwanga wa taa, yeye akisoma hizi nasi zile. Tukaipata. Kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza na wa pili ulihusu mtihani wa Kiyunani. Wa tatu uliomba kama angeweza kutuma fedha kidogo za viatu, na mwishoni palikuwa na salamu kwa wazee. Juu ya hofu yake hapakuwa na neno hata moja. Tulitazama na ile iliyofuata. Hapakuwa na neno.

Mama aliikunja barua ile kwa kufuata mikunjo yake ya zamani, akairudisha mahali pake. Hakutulaumu. Alituletea karatasi na kalamu, akaziweka mbele yetu, akaenda kulala.

Tuliandika mpaka saa saba za usiku. Barua ile ni ya 32, nayo imo chumba cha kushoto. Yaliyoandikwa humo si ya redio. Chumba cha kulia bado ni kitupu. Mama anasema hana haraka.

Bwana awe nanyi nyote.